Nilivyompeleka Zawadi kuchomwa surua ya pili

Zawadi alipofikisha mwaka na nusu, mama mkwe aliichukua kadi ya kliniki, akaigeuzageuza. "Mama Zawadi, si alishachomwa surua ana miezi tisa? Ile ya kwanza imeisha nguvu?"

Sikuwa na jibu. Na mimi niliamini hivyohivyo, kwamba chanjo inachuja, unaongeza nyingine.

Asubuhi nilimbeba mgongoni, kutoka Ujiji hadi kliniki. Nesi akatuhesabu benchini: watoto watatu. Kichupa ni cha watoto 10, kikishachanganywa hakivuki masaa 6, kinachobaki kinamwagwa. "Rudini wiki ijayo." Nilirudi, tukawa wawili. (Baadaye nilijua kichupa kinatakiwa kufunguliwa hata kwa mtoto mmoja. Ningejua siku ile nisingeondoka.)

Mara ya tatu nilijipanga. Jioni nilipita mtaani nyumba kwa nyumba, nikiomba kuona kadi tu, bila kumhubiria mtu. Nikapata saba waliopitwa. Mmoja ana miaka mitatu, kadi yake ilitolewa chini ya godoro, ina tarehe moja tu ya surua. Kesho yake tuliingia kliniki kama tunaenda harusini. Nesi akacheka, akafungua.

Ndipo nikamuuliza swali la mama mkwe. Akasema kinga ya surua ikishashika haichuji kirahisi, kwa wengi hukaa miaka na miaka. Tatizo ni wale ambao haikushika. Wakichomwa watoto 100 wa miezi tisa, inashika kwa kama 85. Wengine kinga waliyotoka nayo tumboni inaizima chanjo. Ya pili inawadaka hao. Wakiachwa, kila mwaka wanaongezeka na wale ambao hawakuletwa kabisa, mpaka siku surua inaingia mtaani. Na yenyewe haikubali mchezo: mgonjwa akitoka chumbani, virusi vinaweza kubaki hewani hadi masaa mawili. Ndiyo maana wanataka watu 95 katika 100 wawe na kinga.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe anaanika dagaa. Nikamweleza, naye akaendelea kutandaza, kimya. Marehemu baba mkwe alikuwa mvuvi.

"Kumbe wavu haujaoza," akasema. "Una matundu."

Akajifuta mikono kwenye kanga. "Na yule mjukuu wa Kasulu, kadi yake nani kaiona?"

Nikachukua simu.