Pochi kumi na moja, ninayobeba moja

Jamani mi pochi ndo ugonjwa wangu, nakubali, ila juzi nimezitoa zote kabatini nikahesabu kumi na moja, na ninayobeba kila siku ni moja tu, tena ile mbaya.

Ni kipochi cheusi cha kupitisha mkanda kifuani, nilikiokota mtumbani Karume kwa elfu nane, hakina nembo ila kina zipu mbili na kinakaa tumboni. Panda basi la mwendokasi Kimara asubuhi utanielewa, mkono mmoja umeshika bomba mwingine hauna pa kwenda, sasa njoo na lile toti begi lako la mdomo wazi uone. Langu mkono wa mtu ulizama humo simu ikaondoka, nashuka kituo cha Fire najipapasa kama niliyeingiwa na siafu (peremende aliniachia, asante yake). Toka siku hiyo begi lisilo na zipu kwangu ni la kwendea kanisani tu.

Kumbe hata Coco Chanel, yule mbunifu wa mitindo wa Ufaransa, alichoka kushika pochi mkononi, ndo Februari 1955 akatoa ile 2.55 yenye mnyororo wa begani. Na hii Birkin ambayo feki zake zimejaa Kariakoo ilianzia kwa dada wa kikapu! Jane Birkin alizoea kutembea na kikapu cha kusuka, yaani kama hivi vyetu vya ukindu, 1984 yuko kwenye ndege ya Paris kwenda London vitu vikamwagika, jirani yake kumbe bosi wa Hermès, kampuni ya mabegi ya Ufaransa, Jean-Louis Dumas, basi Jane akamlalamikia kwamba hapati begi linalomfaa mama mwenye mtoto. Hapo namwelewa kabisa, daipa, chupa, kanga ya akiba. Sema begi alilomtengenezea likaja kuwa la kushika mkononi, mwendokasi ungeadhirika nalo.

Klachi, vile vipochi vidogo vya kushika, ni za kitchen party, inaingia lipstiki na noti za kutunzia, simu unaishika usiku kucha.

Ila zinazoniuma ni zile zinazong'aa, joto letu likizipiga miezi mitatu tu mishikio inabanduka, kwapa lote magamba meusi kama umebeba samaki. Muuzaji atakuapia leza hiyo dada, ngozi halisi, we chungulia ndani pale penye mshono, ukiona kitambaa kwa nyuma ya hiyo "ngozi" rudisha taratibu. Zipu ivute mara tatu hapohapo dukani, akikununia mnunie.

Mama yeye na pochi lake kubwa hasikii la mtu, humo kuna panadol, pini, na mfuko uliokunjwa, maana tangu rambo zipigwe marufuku Juni 2019 hajawahi kutoka bila mfuko wake.

Basi zile kumi nikamwambia mdogo wangu njoo uchague unayotaka. Kaja Jumapili, kazipangua zote kitandani, kachagua kile cheusi. Nimemnyima.