Kompyuta ya mzee imepata sauti

Jamani, leo nina raha! Kompyuta ya mzee hapa Umoja, Nairobi, ile ya Windows XP, ilikuwa bubu tangu sauti ya mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ife. Jana nikashuka Luthuli Avenue, nikapata kadi ya sauti ya mtumba, Sound Blaster Live! Kadi hizi zilitoka 1998 na bado ni dhahabu.

Kuichomeka hakuna kazi. Draiva, ile programu ya kuendesha kadi, ikakubali, lakini spika kimya. Nikaingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, nikazima sauti ya mazabodi. Sasa ikawa inakwaruza tu, krr krr, kila dirisha likisogezwa. Kumbe ile sloti ya PCI (tundu la kuchomekea kadi) iliyopakana na kadi ya picha ilikuwa inagawana nayo IRQ moja, yaani njia ya kadi kuita prosesa! Nikahamishia kadi sloti ya chini, waya wa spika kwenye tundu la kijani, na besi ikatoka safi kabisa. Mzee ameshatoa CD zake zote za rumba.