Gin, embe bichi na asali ya nyuki wadogo

Asali ya Tabora kila mtu anaijua kwa kikohozi. Abiria wa treni wananunua, inafika Dar es Salaam kwenye chupa ya maji ya kunywa, inawekwa kabatini karibu na Panadol, kisha inasubiri mtu aumwe. Mimi naishi Isevya, hapa hapa Tabora mjini, nashona nguo, na kwangu asali haipati nafasi ya kukaa kabatini. Naitia kwenye gin.

Kabla hamjaanza kuniombea: nazungumzia glasi moja ndefu ya Jumamosi jioni, cherehani imefunikwa, wenye sare za harusi wameshachukua zao au wameshanuna. Mwezi wa kumi hapa joto ni kavu, mvua bado, vumbi limeingia mpaka kwenye mikasi. Bia inanijaza tumbo. Mvinyo wa boksi unanipa kichwa kabla sijaufurahia. Nataka kitu cha baridi, chepesi, chenye ladha ya tunda, ambacho nikimaliza bado naweza kupika ugali bila kuuunguza.

Najua wengi wa rika langu pombe kali tuliijua kupitia viroba, vile vifuko vilivyopigwa marufuku Machi 2017, ndiyo maana mtu akisikia gin anafikiria kijana aliyelala mtaroni. Kiroba kilinywewa kikavu, kwa haraka, tena juani. Hii ni habari nyingine kabisa.

Gin ni pombe kali isiyo na rangi iliyopewa harufu na vijitunda vya junipa, pamoja na viungo kama giligilani na maganda ya limau. Ukiinusa vizuri unapata harufu ya msonobari. Zile chupa zilizoandikwa London Dry karibu hazina sukari kabisa, kwa hiyo utamu wote uko mikononi mwako, na hapo ndipo watu wengi wanapoharibu: wanamimina juisi ya boksi, halafu na soda tamu juu yake. Gin inazama humo, haisikiki tena, unakunywa bila kujua umekunywa kiasi gani. Kama gin huna, Konyagi inafaa. Ina asilimia 35, wakati gin kwa sheria za Ulaya haitakiwi kushuka chini ya 37.5, na harufu yake haiko mbali sana. Usione aibu, ongeza ndimu kidogo tu.

Sasa asali. Wazo la kuiweka kwenye gin si langu. Kuna kinywaji cha miaka ya 1920 kinaitwa Bee's Knees, kutoka zama zile Marekani ilipopiga marufuku pombe, 1920 hadi 1933. Ni gin, limau na asali, basi. Inasimuliwa kwamba asali ilikuwa inaficha ubaya wa gin ya magendo. Sisi hatuna cha kuficha, tunatafuta harufu, na hapa Tabora harufu za asali ni nyingi kuliko mtu wa mjini anavyodhani.

Asali ya mizinga ya magome, ile nyeusi, mara nyingi imebeba moshi wa wakati wa kurina. Kwenye chai naipenda sana. Kwenye gin inakuwa nzito, inamkaba koo junipa wa watu. Asali angavu ya mizinga ya kisasa ni nzuri na inapatikana kirahisi. Lakini ukiniuliza mimi, mfalme ni asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, wanaofugwa kwenye vigogo vinavyoning'inizwa chini ya paa. Ni nyepesi, inatiririka, na ina uchachu wake wa asili. Ni ghali kwa sababu mzinga mmoja unatoa kidogo sana, na wazee wanaitunza kama dawa ya macho, ya kifua, ya kila kitu. Mimi naitumia kwa kijiko, si kwa kumimina.

Kununua asali kunataka macho. Niliwahi kuuziwa sukari iliyochemshwa kwenye chupa safi kabisa, na muuzaji aliniwashia njiti ya kiberiti aliyoichovya humo ili kuniaminisha. Njiti inawaka ikiwa kilichomo hakina maji mengi. Haijui kama ni asali. Tena hiyo ya nyuki wadogo, kwa kuwa ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa, inaweza kufeli mtihani wa njiti na ikawa halisi tupu. Tafuta mrinaji unayemjua, au ndugu yako wa Sikonge.

Asali ya nyuki wakubwa usiitie moja kwa moja kwenye kinywaji cha baridi. Itashuka chini, itaganda pale kwenye kitako cha glasi, na utakunywa gin chungu juu na kulamba asali mwisho. Iyeyushe kwanza: asali kipimo kimoja, maji ya uvuguvugu kipimo kimoja, koroga mpaka iwe moja. Maji yakiwa ya moto sana ile harufu ya maua inakimbia, na ndiyo tuliyoilipia. Ya nyuki wadogo haihitaji haya yote, inayeyuka yenyewe ukitikisa.

Tunda langu ni embe, na hapa naomba mnivumilie. Sisemi embe bivu. Embe bivu ni tamu, lakini ukilisaga ukalitia kwenye gin unapata uji. Nasema embe bichi, changa, lile ambalo watoto wanalipopoa kwa mawe na kulila na chumvi na pilipili. Mji huu una miembe kila mahali, ile mikubwa mizee inayotupa kivuli barabarani, na kabla msimu haujakolea upepo unaangusha embe changa nyingi kuliko zinazoweza kuokotwa. Naokota nzima, naosha, namenya, nakwangua kwa kikwangulio cha karoti, natia chumvi punje chache, naacha kama robo saa. Chumvi inavuta maji. Kisha naweka kwenye kipande cha pamba nyeupe ya bitana (fundi nguo hakosi kitambaa safi) na kukamua kwa nguvu zote. Yanatoka maji ya kijani iliyopauka, yana ukungu, yana uchachu unaokubana taya, na kwa mbali unanusa utomvu wa mwembe. Harufu hiyo ya utomvu na ile ya junipa zinaelewana sana.

Msimu ukipita natumia pasheni, nusu tunda kwa glasi, nikichuja mbegu. Nanasi nalo sawa. Matunda yetu ya porini, ntalali na mbula, sijapata namna ya kuyafanya yawe mepesi. Ni matamu mazito, nayaachia wanaopika jamu.

Kuchanganya kwenyewe ni dakika mbili. Chukua chupa ya mdomo mpana yenye mfuniko wa kukaza. Tia gin toti moja, yaani mililita 30. Tia vijiko viwili vya mezani vya maji ya embe bichi, kijiko kimoja cha ndimu, na kijiko kimoja na nusu cha ile asali iliyoyeyushwa. Onja kabla ya barafu: inatakiwa ikukunje uso kidogo, maana barafu na soda zitapunguza kila kitu. Jaza barafu, kaza mfuniko, shika na kitambaa, tikisa mpaka chupa ikuume vidole kwa baridi. Chujia kwenye glasi ndefu yenye barafu mpya. Barafu nagandisha kwenye vikopo vya mtindi, yakawa mapande makubwa, kwa sababu mapande makubwa yanayeyuka taratibu na umeme hauna adabu. Malizia na soda isiyo na sukari, karibu mililita 100, ukimimina pole pole. Soda usiitikise kamwe ndani ya chupa iliyofungwa, labda kama unataka kupiga deki dari.

Ukipiga hesabu, toti moja ya gin ya asilimia 40 kwenye glasi ya namna hiyo, barafu ikishayeyuka kidogo, inakuja karibu asilimia 5. Hiyo ni nguvu ya bia ya kawaida. Ukitia toti mbili si nyepesi tena, usinisingizie.

Wifi yangu alipokuja kutoka Dar alisimama mlangoni mwa jiko akiangalia ninavyopima.

"Wifi, hiyo si ile asali ya mama?"

"Ndiyo yenyewe."

"Ya dawa?"

"Kwani kuna mtu anaumwa?"

Akakaa kwenye ndoo, akanywa kimya kimya, akauliza kama mama anajua. Mama anajua. Mama mkwe wangu ni mtu wa swala tano na haigusi pombe, lakini maji ya embe bichi na asali na soda, bila gin, anayapenda kuliko sisi sote, na ndiye aliyenionyesha kutia chumvi kabla ya kukamua. Mume wangu anasema ni vinywaji vya wanawake. Anasema hivyo akiwa ameshika glasi yangu.

Jambo la mwisho ni la usalama wa jiko. Asali ikiwa nzito haiharibiki, inakaa miaka. Ukishaiongezea maji, mambo yanabadilika: chachu inaamka na kuanza kazi, na joto la huku linaisaidia. Yeyusha ya kutosha siku chache tu, weka kwenye friji, mfuniko usiukaze sana. Ukifungua ukakuta povu na kale kaharufu ka kulevya, hiyo si ya gin tena. Umeanza kutengeneza wanzuki, ile pombe ya asali, na wanzuki una wenyewe. Wapo jirani, watakuja wakisikia.