Nilivyotafutiwa tezi korofi kabla ya kupasuliwa

Mawe ya figo yaliponirudia, daktari aliagiza nipime kalsiamu. Ilikuwa juu, na homoni ya parathairoidi, yaani tezi ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu, nayo juu. Ugonjwa ukawa umeshajulikana hapo hapo: tezi ya parathairoidi imezidisha kazi. Nalisema hili kwa sababu wengi hudhani skani ndiyo inayoamua kama unaumwa. Kinachoamua ni damu. Picha kazi yake ni kumwonyesha mpasuaji apite wapi.

Tezi hizi kwa kawaida ni nne, zimejificha nyuma ya thairoidi, ile tezi kubwa ya mbele ya shingo, kila moja kama punje ya mchele. Mara nyingi inayoharibika ni moja. Sasa ipi?

Ultrasaundi ilionyesha kivimbe upande wa kulia, tena ndani ya thairoidi yenyewe. Nikapelekwa kitengo cha tiba ya nyuklia hapa Dar. Miadi yao haisogezwi ovyo, maana teknishiamu, kiini chenye mionzi kinachotiwa kwenye dawa ya picha, hupungua nguvu kwa nusu kila saa 6.

Nilichomwa sindano ya sestamibi, ndiyo dawa hiyo ya picha, nikalazwa chali, kidevu juu, kamera ikashuka karibu na uso. "Mama, kohoa sasa hivi, tukianza usitikisike." Ukishaambiwa hivyo, koo lote linawasha! Picha za kwanza, thairoidi nzima inang'aa, huambulii kitu. Nikaambiwa nikanywe chai, nirudi baada ya saa mbili.

Ujanja wote uko kwenye kusubiri huko. Thairoidi huiachia dawa mapema. Tezi iliyozidisha kazi huing'ang'ania, kwa kuwa seli zake zimejaa mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli. Niliporudi thairoidi ilikuwa imefifia, imebaki nukta moja chini kushoto. Wakaongeza siti skani kupima kina chake. Kile kivimbe cha kulia hakikuhusika kabisa.

Daktari wa upasuaji bado hakuridhika. Alirudia ultrasaundi mwenyewe, akilenga pale pale, mpaka akaiona. Nikamuuliza, je, isingeonekana? Akasema angenipasua vilevile, ila angefungua pande zote mbili akague tezi zote nne. Skani tupu haifuti ugonjwa.

Mkato wangu ulikuwa mfupi, kushoto tu. Kesho yake kalsiamu ilikuwa imeshuka, nikaambiwa nikisikia ganzi midomoni au vidoleni, dalili kwamba imeshuka mno, nirudi haraka. Mtu niliyelazwa kwa kalsiamu nyingi, nikaruhusiwa na vidonge vya kalsiamu mkononi.