Jezi namba 34

Kwenye simu chumba kipo. Nafika mlangoni, nyusi zimejaa theluji, mama mwenye nyumba ananitazama juu hadi chini, anasema kimeshachukuliwa. Nimeongea naye nikiwa ndani ya basi, hata nusu saa haijapita! Chumba chenyewe kipo chini ya ardhi, dola 750 kwa mwezi. Pigeni hesabu wenyewe ni kodi ya miezi mingapi Sinza.

Nikaingia kazini na uchungu wangu. Nahudumia wazee hapa Regina, jimbo la Saskatchewan, Kanada. Babu mmoja akanibana mpaka nikamweleza. Akaniambia nifungue kabati, nitoe jezi ya kijani, 34 mgongoni, namba imechanika-chanika kwa kufuliwa. Akasema ya George Reed, naye mji huuhuu ulimsumbua nyumba ya kupanga.

Reed alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Mississippi. Alikuja hapa 1963 kuchezea Saskatchewan Roughriders, ule mpira wao wa Kanada wa kushika mikononi. Kazi yake ilikuwa kupewa mpira na kupenya nao katikati ya miili inayomsubiri. Wakati weusi wanazungushwa kupata paa, yeye 1965 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima. Mwaka uliofuata waliifunga Ottawa 29–14 katika fainali ya Grey Cup, kombe la kwanza la Saskatchewan tangu timu ianze. Misimu 13, yadi 16,116. Jamani, hiyo ni karibu kilomita 15, sawa na kutoka Kimara mpaka Posta, na njia nzima kuna mtu anakuvuta chini! Alipostaafu hakuna aliyekuwa amekimbia kumzidi. Mike Pringle alikuja kumpita miaka mingi baadaye. Reed akaongoza pia chama cha wachezaji, akapigania haki za wenzake. Alifariki Oktoba 2023, siku moja kabla ya kutimiza miaka 84.

Mnaojipanga kuja, hela ya kodi msitume kabla hamjakanyaga chumbani, na mbebe akiba ya kujihifadhi wiki tatu. Inauma kuandika hivi wakati miaka 60 imepita tangu Reed.

Babu akaniomba simu, akampigia mtoto wa dada yake. Jumamosi nahamia. Jezi nimeirudisha kabatini, namba ikitazama juu kama alivyotaka.