Mapenzi mema ya nani?

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Wiki hii mi nimekwama kwenye maneno manne tu ya Kilatini, pax hominibus bonae voluntatis, yani ile Utukufu tunayoimba kila Jumapili (tukitoa Majilio na Kwaresma), nimekaa nayo mezani na kamusi na penseli mpaka chai ikapoa.

Pax ni amani, sawa. Hominibus, kwa watu, sawa. Kitenzi hakipo! Sijui ni iwe au ipo, umeachiwa mwenyewe. Halafu bonae, hii ndo inachanganya maana huo mwisho wa -ae unaweza kuwa "ya" na unaweza kuwa "kwa", basi unamwangalia mwenzake voluntatis, huyo hana sura mbili, ni "ya" tu, kwa hiyo wanatembea pamoja: watu wa mapenzi mema. Nikafurahi, nikajua nimemaliza.

Kumbe bado. Mapenzi ya nani? Hata sisi ukisema picha ya baba, ni aliyoipiga yeye, ni anayoitunza kabatini, au ni yeye yumo ndani na koti lake la harusi? Kwaya zetu nyingi huimba "watu wenye mapenzi mema", hapo mapenzi ni ya watu. Fungua sasa Biblia ya Union Version, Luka 2:14, "watu aliowaridhia", hapo ni ya Mungu. Kigiriki chenyewe alichoandikia Luka, neno eudokias, kinaelemea huku kwa pili, na zile hati za kale za Wayahudi za Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, zilizoanza kuonekana mapangoni mwaka 1947 zina tenzi za Kiebrania zinazosema wana wa ridhaa yake, yake Mungu.

Niwaambie kwa nini imenigusa. Nina miezi miwili sisemeshani na mtu mmoja hapahapa parokiani, mambo ya mchango wa harusi, mnajua yanavyokuwaga, na kila tukifika "wenye mapenzi mema" nilikuwa napunguza sauti maana hayo mapenzi kwa kweli sina, na kuimba uongo mbele ya altare nako naogopa.

Jumapili iliyopita nikaingia na ile "ya" kichwani, mapenzi yake Yeye, nikaimba mstari wote mpaka mwisho. Yule mtu alikuwa benchi la tatu mbele yangu, anaimba sauti ya pili, anaburuza kama kawaida yake.