Ninavyopokea simu ya mtu anayefikiria kujiua

Ninajitolea kwenye laini ya simu ya kuzuia watu kujiua hapa Nairobi, na swali langu la kwanza halihusu huzuni hata kidogo: "Simu ikikatika, nikupigie kwa namba hii hii?" Kama laini si ya bure, tofauti na 1199 ya Msalaba Mwekundu, mpigaji huenda ana salio la dakika mbili au amekuflashi tu. Simu ikikatika mtu akiwa ndio kwanza anafunguka, atadhani umemkatia.

Kisha nasikiliza. Akinyamaza nami nanyamaza, ila mara moja moja namwambia, "Niko hapa." Wageni wa kazi hii hukijaza kimya hicho kwa "jipe moyo" na "Mungu yupo." Hayo ameshaambiwa na shangazi na mchungaji, kama yangemtosha asingepiga.

Swali lenyewe naliuliza waziwazi: "Je, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, mara nyingi utamsikia akishusha pumzi. Kinachoharibu ni kuuliza kwa kukanusha, "Lakini hufikirii mambo mabaya, sivyo?" Umeshamwonyesha jibu unalolitaka, naye kwa adabu zake atakupa.

Akisema ndiyo, nauliza amepanga lini, ana nini karibu, amelewa, yuko na nani. Kama ameshajidhuru, mengine yote yanasimama: mwenzangu wa zamu anaita ambulensi, mimi nabaki naye hewani. Anwani mitaani kwetu ni za kubahatisha, kwa hiyo nauliza stegi gani, nyuma ya duka gani, geti la rangi gani. Wapo wanaokataa kusema walipo kwa kuogopa polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kinakiuka Katiba. Uamuzi huo haujafika kila kijiji, basi nauelezea kwa sentensi moja na tunaendelea.

Asiyekuwa katika hatari ya papo hapo, kazi kubwa ni kumtenga na kile alichokusudia kutumia, kwa sababu hamu kali ya kufa hupanda na kushuka, na muda ndio tunaoutafuta. Dawa ya shamba kuhamishiwa juu ya kabati haitoshi. Itoke nyumbani kabisa. Sipendi aibebe mwenyewe, kwa hiyo tunatafuta jirani au ndugu wa kuja kuichukua tukiwa bado tunaongea. Halafu achukue karatasi, aandike dalili zinazomjia kabla mambo hayajazidi, kitu cha kumtuliza, majina mawili ya watu anaoweza kuwapigia usiku, na namba ya laini.

Namba yangu binafsi sitoi, hata akilia. Saa nane usiku nitakuwa nimelala, ilhali zamuni yupo mtu macho. Wala siahidi siri isiyo na mpaka. Namwambia mapema kwamba uhai wake ukiwa hatarini nitaita msaada.

Simu ikiisha naandika maelezo mafupi, nazungumza na msimamizi wa zamu, ndipo napokea inayofuata.